Wakutubi wa Amani: Historia Fupi

Wajerumani walianzisha taasisi ya Amani mwaka 1902, juu katika Usambara Mashariki, kwa ajili ya mimea na kilimo. Hata hivyo tiba haikuwa mbali: Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na Waingereza wakaifunga bahari, magome ya mikwinini ya Amani ndiyo yaliyotoa dawa ya malaria.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa kilimo walihamia Muguga, Kenya. Kitengo cha Malaria cha Afrika Mashariki, kilichozaliwa Muheza mwaka 1949 chini ya Dakta Bagster Wilson, kikapanda mlimani Amani. Hiyo ndiyo enzi tunayoipenda sisi wazee. Mtafiti Mick Gillies alipasua mbu wa Muheza ili ajue umri wao, na mwaka 1968 yeye na Botha de Meillon wakatoa kitabu cha mbu anofelesi wa Afrika kusini mwa Sahara. Majina yao yako kwenye jalada. La mkutubi wa Amani halimo, na ndiyo sababu naandika.

Amani ni mvua na ukungu, na karatasi huota kuvu upesi. Mkutubi alingoja jua lipande ndipo afungue madirisha, akapangusa majalada kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja, kisha akarudi kwenye droo za kadi. Ukimtajia aina ya mbu, alikuwa ameshanyanyuka kuifuata rafu.

Sisi wa ranchi ya Mkwaja tunaijua faida ya utunzaji huo. Mwaka 1985 ilitoka ripoti ya ng'ombe wa Boran wa ranchi yetu, waliokingwa kwa dawa dhidi ya nagana katikati ya mbung'o wanaoieneza. Ranchi imekwisha, ardhi imeingia Hifadhi ya Saadani. Ripoti ingalipo, kwa kuwa wapo walioitunza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoimiliki Amani, ilipovunjika mwaka 1977 Amani ilipata mtihani, ikavuka. Shukrani kwa Profesa Wen Kilama, ambaye baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Yaliyofuata: 1979, sheria ya kuunda NIMR; 1984, AHILA, chama cha wakutubi wa afya Afrika; 2002, HINARI ya WHO, yaani majarida kwa kompyuta; kisha kituo cha Amani kushuka Muheza.

Mwenye kitabu chenye mhuri wa Amani nyumbani kwake, tafadhali akifikishe Muheza.