Njano ya Sekenke

Kila aliyepita shule ya msingi nchini Tanzania analijua jibu kuhusu rangi za bendera: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini. Jibu ni sahihi, ila linakaririwa kana kwamba rangi huzaliwa na maana zake. Kwa mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Kinampanda, ambaye kesho atalifundisha, ushahidi wa kulipima upo wilayani humo humo Iramba. Ukiteremka kutoka nyanda za juu kuelekea mbuga za Wembere, unafika Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari na fedha imeadimika, basi dhahabu hiyo ikapelekwa Tabora na kufuliwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Itazame sarafu hiyo: upande mmoja tai wa Kaizari, upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Sasa itazame Nembo ya Taifa: mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro, na sehemu ya juu ya ngao yao ni ya dhahabu. Ndovu, mlima na dhahabu vimo kote kuwili. Kilichobadilika ni mwenye mali. Palipokuwa na tai pana watu wawili na maneno "Uhuru na Umoja".

Hoja yangu ni kwamba alama ya taifa ni tamko la umiliki kabla ya kuwa picha, na walioishi chini ya bendera za kigeni walilifahamu hilo vizuri. Agosti 1888, Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki aling'ang'ania kutweka bendera ya kampuni kwenye nyumba yake Pangani. Liwali alikataa. Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameshatia saini mkataba wa kuikodisha pwani, lakini watu wa pwani hawakuulizwa, na hasira yao ikawa vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim hadi aliponyongwa Desemba 1889. Anayesema bendera ni kitambaa tu aeleze kwa nini watu wa Pangani hawakukiona hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kila mtawala huchukua ndovu na mlima akavipa maana aitakayo, basi hata bendera yetu ni vazi la waliotawala, maana kijani na nyeusi zilitoka kwa TANU, chama kilichotawala baada ya uhuru. Ni kweli zilitoka huko. Lakini bendera ya TANU haikuwa na njano. Michirizi ile myembamba ya dhahabu iliongezwa Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, ikatenganisha bendera ya chama na ya nchi. Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 hata hiyo haikuachwa ilivyo: bluu iliingia kutoka bendera ya Zanzibar, mistari iliyolala ikawa mshazari, na kijani cha chini kikaipisha bluu hiyo. Mshindi anayejivika vazi hana haja ya kulipasua na kulishona upya ili mwingine apate nafasi. Na Zanzibar ilipopata tena bendera yake mwaka 2005, ile ya Muungano iliwekwa kwenye pembe yake, ishara kwamba mazungumzo kati ya pande mbili za Muungano kuhusu alama zao bado yanaendelea.

Atakayeuliza njano hiyo imewafaidi vipi watu wa Iramba anauliza swali halali, na nguvu ya kuuliza anaipata kwenye bendera yenyewe. Mwaka 1916 hakuna mchimbaji wa Sekenke aliyeweza kuishika sarafu ile na kudai kwamba ndovu yule ni wake. Leo mjukuu wake anaweza. Kwa hiyo walimu wanaoandaliwa Kinampanda wasiishie kwenye "njano ni madini". Waweke picha ya rupia ya Tabora kando ya Nembo ya Taifa, kisha wawaulize wanafunzi: madini ya nani?