Vipovu vya sukari na hamira: historia ndefu ya hewa inayootesha bustani ndani ya kioo

Agosti 2025 ilitimia miaka 10 tangu alipofariki Takashi Amano, Mjapani wa Niigata aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kabla ya kugeukia upigaji picha na ufugaji wa samaki. Wafugaji wa samaki wa urembo bado wanamtaja kwa heshima, na anastahili. Ndiye aliyewafanya watu waache kutazama samaki peke yake, waanze kutazama majani, mawe, vivuli, na vile vipovu vidogo vya oksijeni vinavyoning'inia kwenye mimea kama shanga. Kwa wengi, habari ya kuongeza hewa ya ukaa kwenye tangi la mimea huanza na yeye.

Ukweli ni kwamba ilianza zaidi ya miaka 200 kabla yake, jirani na kiwanda cha bia. Tena ilianza kwa njia ile ile anayoitumia leo kijana asiye na fedha za mtungi wa gesi: kitu kinachochacha, chombo cha maji, na subira. Katika kuifuatilia habari hii nimeegemea maandishi mawili ya zamani, kijitabu cha Joseph Priestley cha 1772 na ripoti ya mkemia Robert Warington ya 1850. Ukiyasoma pamoja unaona jinsi elimu ilivyokuwa mezani tangu mapema, ikakosa mtu wa kuunganisha vipande.

Priestley alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1767 alihamia Leeds, Uingereza, akapata nyumba iliyopakana na kiwanda cha bia. Aliona kwamba juu ya mapipa ya bia inayochacha palikaa tabaka la hewa nzito, ndiyo hewa ya ukaa. Ukiingiza mshumaa ndani yake, unazimika. Sisi tunaijua hewa hiyo kwa sura mbaya zaidi: watu wa Goma huiita mazuku pale inapotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, ikaua mbuzi na wakati mwingine watu. Priestley alishika vyombo viwili juu ya pipa, akawa anamimina maji kutoka kimoja kwenda kingine. Baada ya dakika chache maji yale yalikuwa na ukali wa kuchoma ulimi. Alikuwa ametengeneza maji ya soda kwa hewa ya hamira.

Asingeweza kuishi maisha yote akiegemea mapipa ya jirani, kwa hiyo akatafuta njia ya nyumbani. Katika kijitabu chake cha 1772 alieleza jinsi ya kumwagia chaki asidi ya salfuriki iliyozimuliwa ndani ya chupa, hewa ikapanda, ikapita kwenye kibofu cha nguruwe, kisha ikasukumwa kwa mkono kupitia mrija hadi kwenye chupa ya maji iliyopinduliwa. Aliamini maji hayo yangewakinga mabaharia na kiseyeye, na wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wakamwamini. Hayakuwakinga. Lakini tazama alichokuwa amekiacha: ndani ya miaka 5 mtu mmoja alikuwa amekwisha kutumia njia zote mbili zinazotumika leo majumbani, ya kuchachusha na ya kukutanisha asidi na kaboneti.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kibofu, ambao vitabu vya shule huuruka. Daktari mmoja, John Mervin Nooth, aliiandikia Royal Society ya London kwamba maji ya Priestley yalikuwa na ladha ya mkojo, na kwamba kosa lilikuwa la kile kibofu. Kwa mtu mwenye jina kama Priestley, aliyetunukiwa nishani ya Copley mwaka 1773, lilikuwa tusi zito, naye hakulipokea vizuri. Nooth hakuishia kulalamika. Alibuni kifaa cha kioo kitupu chenye vyombo vitatu vilivyopandana: chini chaki na asidi, katikati maji, juu chombo cha kupokea maji yanayosukumwa na hewa. Kati ya chombo cha chini na cha kati aliweka vali ya kioo iliyoruhusu hewa kupanda na kuzuia maji kushuka. Fundi wa vioo aitwaye Parker akakirekebisha na kukiuza, na mwishowe Priestley mwenyewe akakubali kwamba kilikuwa bora kuliko chake. Kilipata umaarufu wa ajabu: Desemba 1846, London, kifaa cha kuvutishia etha kilichotumika katika upasuaji wa Robert Liston kiliundwa kutokana na sehemu za kifaa cha Nooth.

Nimeukalia ugomvi huu makusudi. Ile vali ya Nooth ndiyo babu wa kile kidude cha plastiki ambacho kila anayefunga chupa ya sukari na hamira ili kulisha mimea ya tangi huambiwa asikose kukiweka kwenye mpira wake. Bila hicho, chupa ikipoa au shinikizo likishuka, maji ya tangi hurudi nyuma yakaingia kwenye chupa na kutapakaa sakafuni. Nooth alilitatua jambo hilo kabla ya mwaka 1775, na jina lake hulisikii popote pauzwapo vifaa vya samaki.

Sehemu ya pili ya elimu ilihusu mimea. Agosti 17, 1771, Priestley huyo huyo aliweka tawi la nanaa katika hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Tarehe 27 mshumaa mwingine uliwaka humo vizuri. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, akaonyesha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa vipovu yakiwa juani na huacha gizani. Mwaka 1782 Jean Senebier wa Geneva akamalizia: majani hayatoi vipovu kama maji hayana hewa ya ukaa. Yachemshe maji hewa itoke, majani yananyamaza. Yarudishie hewa, yanaanza tena. Mwaka huo mtu angeweza kuchukua kifaa cha Nooth, akakielekeza kwenye beseni la mimea ya majini, akapata bustani ya Amano. Hakuna aliyefanya hivyo.

Badala yake ikaja nadharia ya mizani. Mwaka 1849 Robert Warington, mkemia wa chama cha wauza dawa wa London, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo cha kioo cha galoni 12, akakijaza maji nusu, akaweka mchanga, matope, mawe na mmea wa Vallisneria. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka na utando wa kijani ukashika kioo. Warington akaleta konokono wachache wa bwawani. Wakala uozo wote, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Machi 1850 alisoma ripoti yake mbele ya wanakemia wenzake, akieleza jinsi wanyama na mimea wanavyotunzana: samaki anatoa hewa ya ukaa, mmea unaila na kumrudishia oksijeni. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua jumba la samaki la kwanza kwa umma.

Nadharia hiyo ilikuwa nzuri mno kuachwa. Kwa karibu miaka 100 wafugaji walifundishwa kwamba pumzi ya samaki inautosha mmea, na kazi ya mmea ni kumhudumia samaki. Mwaka 1949 James Atz, mtaalamu wa samaki wa New York, akaandika makala iliyoiita mizani hiyo hekaya. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachomwokoa samaki zaidi ni uso wa maji unaogusana na hewa ya nje, ambako oksijeni huingia na hewa ya ukaa hutoka. Hiyo ndiyo sababu mmea hufa njaa: maji yaliyotulizana na hewa ya kawaida hubaki na takriban nusu miligramu ya hewa ya ukaa kwa lita, wakati bustani nene ya majini hustawi kwenye miligramu 20 hadi 30. Tofauti hiyo samaki wawili hawawezi kuijaza.

Ili kuijaza tofauti hiyo, Wajerumani walianza kuuza mitungi ya gesi na vipimo, na mwaka 1986 Kaspar Horst na Horst Kipper wakachapisha kitabu kilichouchukua mmea kuwa kiumbe chenye haki yake ndani ya tangi. Amano, inavyosimuliwa, alipata wazo lake kwa kutazama maji ya soda. Aliyamimina tangini, akaona mimea inavyojibu. Akaanzisha kampuni yake mwaka 1982. Alichukua Riccia, mmea ambao kwa asili huelea, akaufunga kwenye mawe chini ya maji ili ufunikwe na vipovu vyake wenyewe, na kangaga la Afrika, Bolbitis, akalipa nafasi ambayo sisi wenyewe hatujawahi kulipa. Bustani yake ya mwisho, yenye urefu wa mita 40, aliijenga Lisbon.

Chupa ya sukari na hamira ilienea miaka ya 1990, mkono kwa mkono, bila mwandishi wala hataza. Vikombe viwili vya sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya lita 2, kifuniko kilichotobolewa na mpira mwembamba. Gramu 100 za sukari zikichacha zote hutoa takriban gramu 50 za hewa ya ukaa. Chupa hudumu wiki mbili au tatu, hadi pombe inapoiua hamira. Haizimiki usiku, kwa hiyo kwenye tangi dogo samaki wanaweza kuamkia wakihema juu ya maji, na mpira ukiziba chupa hupasuka. Siku hizi wengi wamehamia kwenye chumvi ya ndimu na magadi ya kuokea, yaani wamerudi kwa Priestley wa 1772.

Inaniuma kwamba hapa kwetu hewa hii inatoka ardhini yenyewe. Huchimbwa Rungwe, mkoani Mbeya, na Kereita, Kiambu, ikaenda kwenye viwanda vya soda. Vallisneria ya Warington ina ndugu zake Ziwa Tanganyika. Na kila mwanafunzi wa baiolojia wa sekondari amewahi kuchora, kama si kuona, mmea wa majini chini ya faneli iliyopinduliwa, maji yake yametiwa magadi ya kuokea ili upate hewa ya ukaa. Jaribio hilo ni la Senebier, na kwa kawaida humwagwa siku mtihani unapokwisha.

Walimu wa baiolojia, msilimwage. Ndoo ya kioo, udongo wa bwawani, mimea ya mtoni na chupa moja ya sukari na hamira vinaweza kukaa dirishani mwa maabara mwaka mzima, na gharama yake haizidi kilo moja ya sukari kwa mwezi.