Sataranji na wale walioibadirisha

Wengi wetu tunafikiri mila ni kitu kisichobadirika. Historia ya sataranji inatuonyesha namna ingine.

Mchezo ule ulitoka Uhindi, ukapita Uajemi na kwa Waarabu mpaka Ulaya. Pembeni ya mfalme kulikuwa waziri, aliyetembea nyumba moja tu kwa mshazari. Wazungu walimwita malkia, lakini mwendo wake ulibaki mdogo. Ni mwisho wa karne ya 15 ndipo alipewa ruhusa ya kwenda mbali, pande zote. Mchezo ukawa wa haraka sana. Na kwa kuwa kila upande ulikuwa na malkia wake, hakuna aliyeonewa.

Wengine walijaribu kisha. Capablanca wa kisiwa cha Cuba, bingwa wa dunia toka 1921 hadi 1927, aliogopa kwamba mabingwa watacheza bila kupata mshindi. Alipendekeza ubao wa nyumba 80 na vipande vya namna mbili mpya. Watu hawakuufuata sana. Mwaka 1996, Fischer wa Marekani alitaka vipande vya nyuma vipangwe kwa bahati, kwa njia 960. Lakini aliweka sharti: mfalme akae kati ya minara miwili, na mpango wa weusi uwe sawasawa na wa weupe.

Basi, watoto wakigeuza sheria za michezo ya wazee, tusiwagombeze mbio. Tuwaulize kwanza: pande zote mbili ziko sawa? Kama ziko sawa, mchezo ungali hai.