Windows 10 Imestaafu, Steshenari ya Mlandege Ifanyeje?

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, miaka kumi baada ya kuitoa. Kampuni inayotaka kuongezewa muda hulipia kila kompyuta dola 61 kwa mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka unaofuata. Mwenye steshenari wa Mlandege (ya Iringa, si ya Unguja) anajiuliza: mashine inawaka, inachapa, kwa nini niibadilishe?

Mashaka kuhusu kompyuta ni ya zamani nchini Tanzania. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu wa serikali ulipokwenda mrama na kuleta hasara, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuagiza kompyuta. Miaka thelathini baadaye, 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, tena ya bure. Naona tuliipuuza mapema mno. Tukabaki na Windows za kukraki.

Fundisho kubwa lilikuja Mei 2017, kirusi WannaCry kilipofunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo dawa yake ilitolewa Machi. Hawakuiweka tu. Na huku kwetu ni nani asiyezima masasisho ili kuokoa bando?

Windows 11, iliyotoka 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za takriban 2018 kuja juu. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki hapo. Hizo zinaweza kuwekewa mfumo wa Linux, usio na ada.

Kwa maoni yangu, usibadilishe zote kwa pupa. Anza na ile inayopokea namba za NIDA, vyeti na nywila za wanafunzi wanaoomba mkopo wa HESLB. Ya kuchapa tu itoe kwenye intaneti, lakini flashi za wateja zikaguliwe, maana virusi hupitia humo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, awe na duka dogo au kubwa.