Suzette kabla ya moto

Mhudumu alisukuma kimeza chake cha magurudumu hadi ubavuni petu, akawasha jiko dogo la spiriti na kutenga kikaango cha shaba. Siagi, sukari, maji ya machungwa. Chapati nne nyembamba zikakunjwa pembetatu, zikalazwa ndani ya mchuzi. Kisha akashika chupa. Shemeji yangu, ambaye hajaonja kileo tangu azaliwe, akamwuliza kwa upole kilichomo ni nini. "Msiwe na wasiwasi," kijana akajibu, "pombe yote inaungua. Inabaki ladha tu." Akainamisha kikaango, mwali wa buluu ukaruka, meza ya jirani ikapiga makofi. Shemeji akaisogeza sahani yake upande wangu bila neno.

Alifanya vyema. Mwaka 1992 watafiti nchini Marekani walipima vyakula vilivyopikwa kwa vileo, wakakuta kwamba chakula kilichowashwa moto namna ile hubaki na kama robo tatu ya alkoholi iliyomiminwa. Robo tatu! Hata mchuzi uliotokota saa nzima ulibaki na robo, na wa saa mbili na nusu bado ulikuwa na asilimia 5. Kinachoungua pale juu ni mvuke tu. Mvuke ukipungua nguvu mwali unazimika, watazamaji wanadhani kazi imekwisha. Kumbe kilichokwisha ni moto, pombe ingalimo chini pamoja na siagi.

Mimi nilikula sahani mbili, sitaficha. Lakini swali likanifuata nyumbani. Chakula kile, Crêpes Suzette, ndicho kitindamlo cha Kifaransa kilichozunguka dunia kwa sifa ya moto wake. Ukiiondoa chupa na mwali ukaenda nayo, kitakachobaki ni Suzette au ni chapati za maji zilizomwagiwa sharubati?

Chapati zenyewe ni za zamani kuliko hoteli zote. Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wakulima walizipika kwa nafaka wanayoiita ngano nyeusi, ingawa si ngano. Na kila tarehe 2 Februari, siku 40 baada ya Krismasi, Wafaransa husherehekea Chandeleur kwa kuzigeuza hewani, mkono mmoja kwenye mpini wa kikaango na mwingine umefumbata sarafu, ili mwaka usiwe wa ukata. Unga, mayai, maziwa, chumvi kidogo. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi.

Suzette ndiye mwenye utata.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya Henri Charpentier, mzaliwa wa Nice. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1934, Charpentier alisimulia kwamba mwaka 1895, akiwa kijana mdogo kwenye mkahawa wa Café de Paris, Monte Carlo, alikuwa akimwandalia chakula Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward VII wa Uingereza. Vileo ndani ya kikaango vikashika moto kwa bahati mbaya. Kijana akadhani ameharibu. Akaonja, akakuta mchuzi umekuwa mtamu ajabu, akaupeleka mezani kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Mwanamfalme akauliza jina la chakula. Charpentier akataka kukipa jina la kifalme, lakini mgeni akaomba kiitwe kwa jina la binti mdogo aliyekuwepo mezani pale, Suzette.

Ni hadithi nzuri mno. Charpentier alizaliwa mwaka 1880, kwa hiyo siku hiyo alikuwa na miaka 14 au 15, na waandishi wa kamusi ya mapishi ya Larousse Gastronomique walitilia shaka kwamba mtoto wa umri ule angeachiwa meza ya mwanamfalme. Mimi nina shaka nyingine. Simulizi lilichapishwa miaka 39 baada ya tukio, na Edward alikuwa kaburini tangu 1910. Tena lilitoka Marekani, ambako Charpentier alikuwa amehamia na kufungua mgahawa, miezi michache tu baada ya nchi ile kuondoa marufuku ya pombe iliyodumu kuanzia 1920 hadi Desemba 1933. Watu waliokaa miaka 13 bila chupa halali mezani wakaletewa hadithi ya kikaango, mwanamfalme na mwali wa buluu. Soko lilikuwa tayari.

Simulizi la pili linatupeleka Paris. Suzanne Reichenberg, mwigizaji wa jumba la Comédie-Française, alijulikana jukwaani kwa jina la Suzette. Inasemekana mwaka 1897 aliigiza mtumishi wa ndani anayewaandalia mabwana zake chapati, na chapati zile zilikuwa za kweli: zilitoka mgahawa wa Marivaux, kwa bwana mmoja aliyeitwa Joseph, zikiwashwa moto ili zisipoe na ili watazamaji wa viti vya nyuma nao waone kitu. Reichenberg alifariki mwaka 1924. Yaani kitabu cha Charpentier kilipotoka, Suzette huyu naye hakuwepo kubisha.

Angalia kinachofanana katika hadithi hizi mbili: moto. Sasa fungua maandishi. Auguste Escoffier alichapisha Le Guide culinaire mwaka 1903, kitabu ambacho wapishi wa hoteli kubwa za Ulaya walikishika kama katiba, na Suzette yumo. Unga wa majimaji unatiwa harufu kwa curaçao na maji ya chenza, na siagi inayopakwa inatiwa vivyo hivyo. Basi. Hakuna kiberiti. Hakuna mhudumu anayeinamisha kikaango mbele ya wageni. Na tunda ni chenza, si chungwa.

Kwa hiyo moto, kwenye mapishi ya kitabu hiki, haumo kabisa. Kileo kimo, siwezi kusema hakimo. Ila inafaa kuuliza kimetiwa humo kufanya kazi gani.

Curaçao ni kisiwa cha bahari ya Karibi, ng'ambo ya pwani ya Venezuela. Wahispania walipanda michungwa huko, lakini ardhi kame ikaidhoofisha hadi matunda yakawa machungu yasiyolika. Wenyeji huyaita laraha. Nyama yake haifai kitu, ila ganda likianikwa juani linatoa harufu kali, na harufu hiyo ndiyo iliyokamuliwa ndani ya kileo kilichopewa jina la kisiwa. Wafaransa wakafuata njia ileile. Cointreau ilianza kuuzwa Angers mwaka 1875. Grand Marnier ikaja mwaka 1880, brandi ya Cognac ikiwa imechanganywa na ganda la tunda chungu. Zote mbili zina alkoholi asilimia 40, na ndiyo sababu zinawaka.

Tunda hilo chungu tunalo. Ni ndugu wa danzi, lile ambalo Waarabu waliwafikishia watu wa Hispania na Sicily karne nyingi kabla chungwa tamu halijafika Ulaya. Kwetu danzi huishia kwenye achari au kukamuliwa juu ya samaki, na watoto hulitumia kudanganyana kwamba ni chungwa.

Chupa, basi, ni gari. Abiria ni mafuta ya ganda. Ukikunja ganda la chungwa karibu na mshumaa utaona cheche ndogo zikiruka: ndiyo mafuta hayo. Hayakubali kuyeyuka kwenye maji, ndiyo maana chungwa ukilikamua unapata utamu na uchachu bila ile harufu inayobaki vidoleni baada ya kulimenya. Kwenye alkoholi yanayeyuka vizuri. Lakini yanayeyuka vilevile kwenye siagi, na wapishi wa zamani walilijua hilo bila kusoma kemia. Walichukua vidonge vya sukari, wakavisugua juu ya ganda la tunda zima hadi vikawa vya manjano na vyenye unyevu, ndipo wakavisaga ndani ya siagi. Chembe za sukari hukwaruza vifuko vya mafuta na kuyanywa papo hapo. Hiyo ndiyo Suzette isiyo na kileo, na mbinu yake ilikuwemo jikoni mwa Wafaransa wenyewe.

Sikuanzia hapo, kwa bahati mbaya. Mara ya kwanza nilifanya kama wengi wanavyofanya: nikachemsha maji ya machungwa na sukari, nikatia siagi, nikamwaga juu ya chapati. Nikapata kitu chenye ladha ya juisi ya pakiti iliyopashwa moto. Mtoto wa jirani alikula zote, na hilo likanithibitishia kwamba nimekosea.

Mara ya pili nilikwenda kwa muuza machungwa wa barabarani nikamwomba asinimenyee. Akanishangaa. Kazi yake ni ule wembe unaozunguka tunda na kuacha utepe mrefu wa kijani chini ya mkokoteni, na rundo lake la maganda, nikaona kwa macho mapya, lilikuwa na Suzette ya kutosha harusi nzima. Machungwa ya Muheza huiva yakiwa na ganda la kijani kwa sababu ya joto la usiku; usihangaike kutafuta yaliyo na rangi ya picha. Harufu imo.

Sukari gramu 60 niliisugua kwa vidole pamoja na ganda lililoparuzwa la machungwa mawili na danzi moja, nikikwepa utando mweupe, maana ule una uchungu tu, harufu hauna. Nikaiacha nusu saa, ikawa kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Unga ulikuwa gramu 125 na mayai mawili, maziwa kiasi cha robo lita na zaidi kidogo, kijiko cha siagi iliyoyeyushwa, nao ukapumzika muda uleule. Sukari ile ikaingia kikaangoni peke yake hadi ikaanza kuwa kahawia pembeni. Hapo ndipo nikamimina maji ya chenza nne na danzi moja. Ilinguruma na kuganda, kisha ikalegea. Siagi gramu 80 ikaingia vipande vipande.

Kulikuwa na pengo bado, ule ukali wa brandi unaokausha ulimi kidogo. Vijiko viwili vya chai ya rangi iliyoiva sana viliuziba. Brandi hupata ukali huo kwenye pipa la mwaloni, chai huupata kwenye majani yake, na kinywa hakiulizi. Mwisho nikadondosha maji ya maua ya danzi, yale ambayo nchi za Kiarabu hutia kwenye vitamutamu kama sisi tunavyotia maji ya waridi. Matone machache tu, yakizidi utadhani unakula sabuni.

Wanaokwepa kileo kikamilifu wasome na chupa ya arki ya vanila. Ile halisi, kwa kanuni za Marekani, haipungui alkoholi asilimia 35. Wapo pia wanaoshauri kulowesha donge la sukari kwenye arki ya limau na kuliwasha, ili kupata mwali "bila pombe". Inawaka kwa nini, kama si pombe? Arki ya limau ina alkoholi nyingi kuliko Grand Marnier yenyewe. Kama ni lazima meza ing'ae, washeni mshumaa.

Shemeji alikuja Jumapili. Nilimkunjia nne, pembetatu, nikazilaza ndani ya mchuzi hadi kingo zikaanza kunywa rangi. Alinusa kwanza, akaniangalia, akanusa tena. Nikamhesabia vyote vilivyomo kimoja kimoja, na chai ya rangi ikamchekesha. Akala kimya, kisha akachukua chapati kavu iliyosalia na kufutia kikaango.

Kesho yake asubuhi alinitumia picha kutoka sokoni: matunda sita ya kijani yenye vipele kama ngozi ya chura, na mkono wa muuzaji ukionekana pembeni. "Anasema ni machungwa," aliandika. "Mimi nasema ni danzi. Nimwamini nani?"

Nikamjibu akwaruze ganda kwa ukucha, anuse.