Kura na karakana: historia ya elimu ya ufundi Lubumbashi

Tarehe 20 Desemba 2023 wapiga kura wa Makomeno walichagua watu wa ngazi nne kwa siku moja: rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo na madiwani wa komini. Tangu vyama vingi virudi nchini, hapakuwa na uchaguzi wowote wa madiwani, na safari hii ulifanyika kwenye komini za miji mikuu ya majimbo. Kwa wakazi wengi wa komini ya Lubumbashi, ambamo Makomeno ni mtaa mmojawapo, kumchagua diwani lilikuwa jambo jipya kabisa. Mji wenyewe lakini ulikwisha kulifanya jambo hilo zamani, wakati bado unaitwa Élisabethville, na kilichotokea baada ya kura hizo za kwanza kinatufundisha mengi kuhusu ahadi tunazosikia leo kwenye kampeni, hasa ile ya kila mgombea: vijana watafundishwa kazi.

Ilikuwa Desemba 1957. Wabelgiji waliruhusu wanaume wa Kiafrika wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi, wapige kura kwa mara ya kwanza. Wanawake hawakuhesabiwa. Madiwani walichaguliwa, nao wakatoa majina ya watu wa kuongoza komini. Katika komini nne za Waafrika za Élisabethville, yaani Albert (Kamalondo ya leo), Kenya, Katuba na Ruashi, viongozi watatu walikuwa watu wa asili ya Kasai na mmoja wa Maniema. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mzaliwa wa jimbo lenyewe la Katanga. Miezi kumi baadaye, Oktoba 1958, kikazaliwa chama cha Conakat, cha kuwatetea wazaliwa hao wa Katanga, Godefroid Munongo akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, kisha Moïse Tshombe akamfuata. Yaliyotokea baada ya hapo yanajulikana: Julai 1960 Katanga ikajitenga na Kongo, na ikabaki hivyo hadi Januari 1963.

Vitabu vingi husimulia habari hiyo kama ugomvi wa makabila. Kwa maoni yangu tukiishia hapo tumeruka chanzo chake, na chanzo ni kazi. Nani alijifunza kazi, nani alipewa nafasi, nani alibaki nje akitazama.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika Élisabethville mwishoni mwa Septemba 1910. Mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Mji uliota ghafla mahali ambapo watu walikuwa wachache, na makampuni yalihitaji mikono kwa maelfu. Watu wakaletwa kutoka Rhodesia, kutoka Lomami na Kasai, kutoka Maniema, hata kutoka Ruanda-Urundi. Reli ya kampuni ya BCK ilipofika Port-Francqui mwaka 1928, safari ya kutoka Kasai ikawa nyepesi. Waliotoka huko wakiwa wamekwisha kupita kwenye madarasa ya misheni waliingia ofisini, stesheni na kwenye karakana. Watoto wao wakazaliwa mjini, wakasoma mjini.

Shule ya ufundi nayo ilikuja na ile treni ya kwanza ya kusini. Novemba 1911 mapadre wa Salesian, wakiongozwa na padri Joseph Sak, walifika Élisabethville, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya kazi za mikono kwa vijana wa Kiafrika. Katika miaka ya 1920 shughuli hiyo ilihamia Kafubu, nje kidogo ya mji. Wabenedikto wa askofu Jean-Félix de Hemptinne walishika shule za kawaida, zikiwemo za kambi za Union Minière. Kwa hiyo mapema kabisa mambo yaligawanywa: misheni inafundisha, kampuni inaajiri, serikali inalinda utulivu. Aliyefundishwa hakuulizwa anataka kuwa nani.

Mafunzo yenyewe lakini hayakuwa ya mchezo, na hili lazima lisemwe kwa haki. Kijana aliyetaka kuwa fundi wa chuma alipewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukisugua kipande hicho mpaka pande zake zinyooke na pembe zake ziwe mraba kamili. Mwalimu aliweka kipimo cha pembe juu ya chuma, akakiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya katikati, hata kama uzi, kijana anarudi kwenye jiliwa. Zoezi hilo huchukua siku nyingi, na bado linafundishwa hivyo popote ufundi wa mitambo unapofundishwa kwa dhati. Mtu aliyelipitia hawezi kudanganywa tena kuhusu kazi iliyonyooka na iliyopinda. Mafundi wa Élisabethville walisifiwa hata ng'ambo ya mpaka, na sifa hiyo waliifanyia kazi.

Mlango wa juu ndio uliofungwa. Mwafrika alifundishwa kushika nyundo, kuendesha mashine, hata kuongoza treni, lakini kuchora mtambo na kuuamulia kulibaki kuwa kazi ya Mzungu. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyepambana na Conakat, alisomea kazi ya msaidizi wa daktari kwa sababu Mkongomani hakuruhusiwa kupanda zaidi ya hapo katika tiba. Leo hospitali kubwa ya mji ina jina lake, na madaktari wanaofanya kazi humo ni Wakongomani. Ukitaka kuona alivyobanwa mtu wa kizazi chake, anzia hapo.

Halafu kuna malipo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, na tarehe 9 askari wakafyatua risasi kwenye uwanja wa mpira walikokusanyika. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa pamoja na wengine wengi. Ufundi bila sauti haukumlinda mtu. Mwaka 1965 wazee waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani waliiandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Lubumbashi, katika kijitabu kilichobeba jina la André Yav. Kinastahili kusomwa katika kila shule ya jimbo hili, kwa sababu humo mfanyakazi anajisimulia mwenyewe, bila kusimuliwa na bwana wake.

Basi wanaume wa 1957 walipoingia kwenye vyumba vya kura, walibeba miaka hamsini ya hesabu hizo. Aliyezaliwa Katanga alimwona mgeni kwenye kiti cha karani na kwenye benchi la fundi, akaona amenyang'anywa. Aliyetoka Kasai alijua amekitolea jasho kiti hicho. Kama kungekuwa na karakana za kutosha kwa wote, wanasiasa wangepata wapi kuni za moto wao? Katika uchaguzi wa Mei 1960 bunge la jimbo liligawanyika karibu katikati: Conakat viti 25 kati ya 60, na muungano wa wapinzani wao viti 23. Miaka thelathini baadaye, kati ya 1991 na 1993, moto ule ule ukawashwa tena na maelfu ya watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Walioondoka walikuwa pia mafundi na walimu. Mashine walizoziacha hazikuuliza kabila la mtu, zilisimama tu.

Zilisimama wakati mbaya zaidi. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya kutaifishwa, ilizalisha karibu tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka, na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 na kidogo. Kampuni hiyo ilikuwa imelea watu tangu kuzaliwa: hospitali, unga, shule, na mafunzo ya kazi kwa watoto wa wafanyakazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya kizazi hicho, akawaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango uliolipiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaitwa wa hiari. Shirika la reli nalo lilidhoofika. Kwa hiyo ule mkondo wa zamani, ambapo baba fundi anamwingiza mwanawe kwenye karakana ya kampuni, ulikatika. Vijana wakashika sululu na magunia, wakaenda kuchimba kwa mikono.

Hapo ndipo mgombea anapoingia. Kabla ya hapo mwanasiasa hakuwa na haja ya kuahidi mafunzo ya kazi Lubumbashi, maana kampuni ilishafanya. Tangu uchaguzi wa 2006, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka arobaini, hakuna kampeni iliyopita bila ajira na elimu. Joseph Kabila alikuwa na "Cinq chantiers", yaani miradi mitano, na ajira na elimu zilikuwa miwili kati ya hiyo mitano. Félix Tshisekedi aliposhika madaraka alianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyodai, na aliporudi kwa wapiga kura mwaka 2023 aliweka ajira mbele. Wagombea wa ubunge wa jimbo na wa udiwani wanayachukua maneno hayo hayo na kuyashusha hadi mtaani: tutafungua kituo cha ushonaji, cha uchomeleaji, cha umeme.

Ninawaunga mkono kwa moyo wote wanaosema hivyo. Lakini nataka waseme zaidi, kwa sababu katika mji huu kujenga hakujawahi kuwa jambo gumu kuliko yote. Darasa la kawaida linaishi kwa chaki na benchi. Karakana inakula kila siku: fito za kuchomelea, mabati, mbao, mafuta, misumeno inayovunjika, na umeme ambao Lubumbashi unakatika mara kwa mara. Mwalimu wake ni fundi ambaye mgodi ungemlipa zaidi. Elimu ya bure ya kifungu cha 43 inaishia shule ya msingi, kwa hiyo mzazi wa mtoto wa shule ya ufundi analipa ada, na juu ya ada anaombwa vifaa. Ndiyo maana shule nyingi zinazojiita za ufundi hufundisha ufundi ubaoni. Mwanafunzi anaweza kuchora mota vizuri sana na hajawahi kuifungua.

Si kwamba nchi haina kitu. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ilianzishwa Juni 1964, miaka thelathini kabla ya Tanzania kuunda mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, VETA, na inaendeshwa kwa michango inayolipwa na waajiri. Kituo chake cha Lubumbashi kilijengewa majengo mapya kwa msaada wa Japani. Wasalesian hawajaondoka, Cité des Jeunes na shule yao ya ufundi Salama bado zinatoa mafundi, na vituo vyao vinapokea hata watoto wa mitaani. Ukisikia injini inaunguruma vizuri katika gereji za mji, uliza fundi alisomea wapi. Mara nyingi jibu ni moja kati ya majina haya.

Mgombea wa Lubumbashi ana jambo lingine ambalo babu zake wa 1957 hawakuwa nalo: sheria iko upande wake. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 kinaitaja elimu ya ufundi, pamoja na ya msingi na sekondari, kuwa kazi ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Mbunge wa jimbo akiahidi karakana, anaahidi kitu kilicho ndani ya madaraka yake mwenyewe, na hawezi kusingizia Kinshasa peke yake. Fedha nazo zina njia yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Ruashi, ambako shaba na kobalti vinachimbwa ndani ya mji, inaweza kudai fungu lile la 15. Makomeno ni mtaa wa makazi, hauna mgodi, na fungu linalomhusu kijana wake ni lile la 25 linalopita katika bajeti ya jimbo letu la Haut-Katanga. Bajeti hiyo hupigiwa kura na wabunge wa jimbo kila mwaka, hadharani. Atakayekuja kuomba kura yetu kwa jina la ufundi aje na mstari wa bajeti hiyo mkononi: kiasi gani kwa vifaa, kiasi gani kwa mishahara ya walimu mafundi, karakana ipi itaanza na lini, na binti anayetaka kuwa fundi umeme atakuwa na nafasi ngapi.