TFC ya fizika: namna ya kuchagua swali ambalo chombo chako kinaweza kujibu

Kila mwaka, mwezi wa kutoa kazi ukikaribia, kwenye sekretaria za jirani na chuo foleni inakuwa ndefu. Wanafunzi wanakuja na flash mkononi. Wengine wamepima na kuandika wenyewe, wengine wamekopiya TFC ya zamani na kubadilisha jina tu. Siku ya kujitetea mwalimu anauliza swali moja: « Hii namba uliipata namna gani? » Hapo njo inajulikana nani alifanya kazi.

Mara mingi mwenye kukopiya si mvivu. Alianza na swali kubwa kuliko vyombo alivyokuwa navyo, akakwama, siku zikaisha. Kwa hiyo, iwe TFC au memwari, kazi ya fizika inafaulu au inaanguka mbele hata ya kipimo cha kwanza: pale unapochagua swali. Tuchukue mfano mmoja wa kwetu, toka mwanzo mpaka mwisho.

Mada si swali

« Mwinuko wa fasi na matokeo yake katika fizika » ni mada. Ukimpelekea mwalimu anayekusimamia, atakuuliza: unataka kupima nini?

Ziwa Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770. Kwa hiyo mtu anayetoka ukingo wa ziwa kule Bukavu na kufika ukingo wa ziwa kule Uvira anashuka karibu metre 690. Tofauti hiyo inaweza kuzaa maswali mawili.

La kwanza: je, nguvu ya dunia ya kuvuta vitu (ile tunayoandika *g*) inatofautiana kati ya Bukavu na Uvira?

La pili: je, maji yanachemka kwenye joto moja Bukavu na Uvira?

Yote mawili ni maswali mazuri, na jibu la kweli kwa yote mawili ni kwamba tofauti ipo. Lakini kwa mwanafunzi mwenye kamba, jiwe, telefone na termometre, moja linawezekana na lingine haliwezekani. Tuone juu ya nini.

Piga hesabu ya kosa mbele ya kuanza

Swali la kwanza linapimwa na penduli: jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuachwa liende na kurudi. Kamba ya metre 1 inaenda na kurudi kwa sekonde 2 hivi. Kidole chako kwenye telefone kinaweza kuchelewa ao kuwahi kwa sehemu 2 za 10 za sekonde. Ukipima mwendo mmoja tu, kosa ni asilimia 10 ya muda. Na kwa sababu katika hesabu ya *g* muda unazidishwa kwa wenyewe, kosa linakuwa asilimia 20.

Sasa pima mienendo 20 kwa mara moja. Inachukua sekonde 40 hivi, lakini kosa la kidole ni lile lile. Kosa katika *g* linashuka mpaka asilimia 1, yaani karibu 0.1 kwa namba inayokaribia 9.8. Hapo tayari umefanya kipimo kizuri cha kuonyesha wenzako.

Lakini kati ya Bukavu na Uvira, *g* inatofautiana kwa karibu 0.002 tu. Kosa lako linapita mara 50 kile unachotafuta! Ukiandika kwamba umeona tofauti, umeona kidole chako, si dunia.

Swali la pili sasa. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito juu ya maji, na maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Kwa mwinuko wa fasi zetu, kila metre 300 zinaondoa karibu digrii 1. Kwa hiyo usawa wa Ziwa Kivu maji yanachemka karibu na digrii 95, na usawa wa Tanganyika kati ya 97 na 98. Tofauti inapita digrii 2. Termometre ya labo inayosomeka mpaka nusu digrii inaiona bila shida.

Swali hili si dogo. Mama anayepika maharagi milimani anajua makala inaweza kuisha maharagi bado magumu. Moto si kwamba ni mbaya. Maji hayafiki digrii 100, hata uongeze makala.

Fundisho la mwaka 1858

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ziwa Tanganyika. Kutafuta mwinuko wake, walitumia njia hiyo hiyo ya kuchemsha maji. Walipata karibu metre 560, wakati ziwa liko karibu 770. Wamekosa metre 200 hivi. Ukirudi kwenye hesabu yetu, utaona kwamba termometre inayodanganya chini ya digrii 1 inatosha kuleta kosa kama hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujaribu termometre yenyewe. Chukua barafu kwa wanaouza vinywaji baridi, ivunje, iache ianze kuyeyuka, kiisha chovya termometre. Inapaswa kuonyesha 0. Ikionyesha 1, andika: termometre hii inaonyesha digrii 1 zaidi. Hiyo si aibu. Kuificha njo aibu.

Mpango wa kazi

*Kaye ya vipimo.* Nunua kaye moja na uandike kwa biki, si penseli. Kila mara: tarehe, saa, fasi, chombo, namba uliyosoma. Namba mbaya usiifute. Piga mstari mmoja juu yake na uandike sababu. Kaye hiyo ndiyo itakutetea mbele ya waalimu.

*Vitu visivyobadilika.* Sufuria ile ile, kiasi kile kile cha maji, maji safi yasiyo na chumvi. Ncha ya termometre isiguse chini ya sufuria. Ngojea maji yachemke kwa nguvu, kiisha soma mara tano, kila baada ya dakika moja. Rudia siku tatu.

*Barabara.* Safari si kila siku inawezekana, na hakuna kipimo kinachostahili uhai wa mtu. Kama njia haipitiki, rafiki wa Uvira anaweza kupima kule na wewe Bukavu. Lakini mutakuwa na termometre mbili. Kila moja ijaribiwe na barafu kwanza, na jambo hilo liandikwe katika kazi.

*Siku.* Gawanya muda wako kwa tatu: sehemu moja kusoma na kutengeneza swali, moja kupima, moja kuandika. Wengi wanabakiza wiki moja ya kuandika.

Namna ya kuandika

Usianze na utangulizi. Anza na namna ulivyopima, kwa sababu bado unaikumbuka. Ifuate matokeo: jedwali, na mchoro ikiwezekana. Kiisha mjadala: namba zako zinakubaliana na ulichotarajia? Kama hapana, kosa linaweza kutoka wapi? Halafu hitimisho linalojibu swali lako, swali lile lile, si lingine. Utangulizi uandike mwisho, maana sasa unajua unatangulia nini.

Kila namba ifuatwe na kipimo chake na kosa lake. « Digrii 95, zaidi ao pungufu nusu digrii » ina nguvu kuliko « digrii 95.137 » kutoka termometre ambayo haiwezi kuona hayo. Na kila wazo ulilochukua kwa mtu, sema umelichukua kwake.

Jaribio la mwisho ni hili. Kazi yako utaiandika kwa Kifaransa. Mbele ya kuipeleka, keti nyumbani na umueleze mama ao mdogo wako kwa Kiswahili: nilijiuliza hivi, nilipima hivi, nilipata hivi. Kama anaelewa na anaanza kukuuliza juu ya maharagi yake, uko tayari kujitetea. Kama wewe mwenyewe unapotea katikati, rudi kwenye kaye.